Jiwe Kubwa la Haboba Nyakuon

Nimeshaona watu wakigombania shamba la marehemu, ng'ombe wake, hata kitanda chake.

Lakini jiwe? Hilo nililiona kwetu, hapa mtaani Hai Malakal, na aliyekuwa mstari wa mbele ni mimi.

Haboba Nyakuon alikuwa mama wa bibi yangu. Mjini Juba, haboba ndiye bibi. Kusoma hakujua, ila ibada ya Jumapili hakuikosa. Vita vikija, alingoja risasi zipungue, anajitanda shuka, anaenda.

Kila asubuhi alimimina mawe kutoka kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Anashika moja, anataja jina la mtu, anamwombea, analirudisha. Hilo ndilo lilikuwa daftari lake la maombi. Ukoo mzima ulijua hivyo, na hatukujua zaidi ya hapo.

Mimi ni Yien. Nilikulia Eldoret, nikarudi miaka sita iliyopita, nikapata kazi ya shirika na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, ambacho sikukivua hata matangani.

Naishi mtaa wa Malakia. Kwa boda ni dakika kumi hadi kwa Haboba. Nilimtembelea mara ngapi? Tuachane na hayo.

Lakini kwa Facebook nilimpenda vibaya sana. "Malkia wangu", mioyo kumi na mbili, picha ya zamani, basi. Watu wanaandika amina, mimi nahesabu.

Alipofariki, nilijipa kazi ya kushika maiki. Nikachapisha fulana zenye sura yake, na yangu pembeni kidogo.

Siku ya maombi, mkebe uliwekwa mezani. Ndani mlikuwa na mawe madogo kama maharagwe. Halafu kulikuwa na moja kubwa kama ngumi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mjomba Ezbon alisema jiwe hilo ni lake, kwa sababu ndiye aliyenunua mabati ya nyumba. Binamu yangu Jethro akasema ni lake, yeye alilelewa na Haboba mgongoni. Mjomba akamwambia hata mbuzi wa jirani walilelewa nyumbani humo. Jethro akavua koti.

Pasta alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mimi nilitaka lile jiwe kuliko wote. Nilitaka kanisa zima lijue nani alipendwa zaidi. Basi nikasogeza maiki mdomoni na kudanganya mchana kweupe.

"Jiwe hili ni langu. Haboba aliniambia mwenyewe."

Kisha akasimama Josline, mama wa Kiganda anayeuza unga soko la Custom. Yeye ndiye aliyemshika Haboba mkono kwenda kanisani macho yalipofifia.

"Yien anasema kweli," alisema. "Hiyo jiwe ni yake."

Watu wakapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuigiza. Jamani, nilijiona.

Josline hakuketi.

"Haboba hakuwekea jiwe watu ya kuja kumuona. Aliweka ya wale roho yao imekuwa ngumu. Mtu ikikuja kumsalimia, jiwe yake anatupa nje. Yako ilianza ndogo, Yien. Kila mwaka hukuji, anatafuta ingine kubwa."

Mjomba Ezbon akatangaza haraka kwamba yeye hajawahi kuwa na jiwe. Jethro akavaa koti lake.

Nikauliza, bila maiki, kwa nini Haboba hakunipigia simu.

"Alisema hataki ukuje juu ya aibu. Anataka ukuje juu ya kumkumbuka," Josline akajibu. "Hiyo jiwe alibeba kwa mfuko kila Jumapili. Mimi namwambia, Haboba, acha nyumbani, ni nzito. Anasema hapana, ni mtoto yangu."

Nililia mbele ya watu wote, na safari hii sikuwa naigiza. Niliona aibu, ndiyo. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba nilipendwa kweli, vile vile nilivyodai kwa uongo, na sikuwahi kufika kuupokea upendo huo.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mzee anayekuombea, usijisifu kwamba anakupenda. Jiulize unamlemea kiasi gani. Halafu nenda ukamwone, angali anaweza kukufungulia mlango.