Mjerumani wa Zabibu na Kanisa Letu la Bredäng

Katika miaka ile ya elfu mbili nilikuwa nikisafisha ofisi Kista, pembeni mwa jiji la Stockholm, kwenye jengo lililojaa watu wa kompyuta. Ghorofa ya tatu, katikati ya wahandisi, palikuwa na chumba cha mama mmoja wa Kiswidi aliyekaribia kustaafu. Yeye hakuwa na habari na kompyuta. Aliagiza mvinyo kutoka kwa ukoo mmoja wa Ujerumani, ndugu watatu, kila mmoja na shamba lake la mizabibu kwenye mteremko wa mto uleule, na wote wakilima zabibu za aina moja tu, Riesling. Mvinyo huo aliuuzia mikahawa ya Stockholm.

Siku moja nilikuwa nafuta vumbi mezani pake, nikaona karatasi ya Kijerumani, nikasimama kuisoma. Kabla ya kufika Sweden nilikaa Ujerumani miaka mitano nikingoja hati za ukimbizi. Hati sikupata, lugha nilipata.

"Unaelewa hayo?" mama yule akaniuliza.

"Naelewa. Wanasema mvua imenyesha vibaya, na shemeji yao amevunjika mguu."

Akavua miwani, akanitazama upya. Karatasi ile ilikuwa barua ya habari ambayo ukoo ule uliwaandikia wateja wake kila msimu: hali ya hewa, mavuno, safari zao, harusi na misiba. Yeye alikuwa akiitafsiri kwa kamusi, na katika toleo lililopita alikuwa amewatangazia wateja kwamba bibi wa ukoo amepunguzwa matawi na anaendelea vizuri. Kuanzia siku ile nikawa mtafsiri wake.

Shida ilikuwa nyumbani. Mke wangu alikuwa kiongozi wa kwaya, na mimi nilikuwa shemasi. Kanisani kwetu pombe ni pombe, hata ikiwa na jina refu. Tukakubaliana kwamba nitafsiri, ila nisionje.

"Mdomo wako ubaki kwenye chai," alisema.

Basi nikawa naandika juu ya kitu ambacho ulimi wangu haujakijua. Barua moja ilisifu mvinyo wa zamani kwamba unanukia mafuta ya taa. Niliisoma mara tatu. Nikaona aliyeiandika, kaka mkubwa wa ukoo, mzee wa watu, amekosea, au ana adui ndani ya ukoo, nikamsitiri: nikaandika kwamba unanukia maua. Mkahawa mmoja ukanunua, ukafungua, ukarudisha. Walisema maua hawakuyaona, walichokuta ni mafuta ya taa.

Mama yule hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba Riesling ikikaa miaka mingi huwa na harufu hiyo, na wanaojua hulipia zaidi kwa sababu yake. Kisha akanisogezea glasi ninuse tu. Nikanusa. Nikamwona nyanya yangu kule Bukavu anawasha kibatari, kiganja chake kikikinga moto. Nilikaa kwenye kiti cha wateja kwa muda, ndoo yangu ya maji kando.

"Ni kweli," nikamwambia. "Na ni mafuta mazuri, hayajachanganywa na maji."

Mwaka uliofuata, yule kaka mkubwa wa ukoo alikuja Stockholm kuwaonjesha wateja mvinyo wake, akaomba kumwona mtu aliyekuwa akiyapa maneno yake Kiswidi kizuri. Nikamkaribisha nyumbani, Bredäng. Mke wangu alikubali kwa sharti.

"Aje yeye. Chupa ibaki hotelini."

Akaja na treni ya chini ya ardhi, mzee mrefu mwenye mikono kama majembe, amekumbatia chupa. Mke wangu aliipokea kwa adabu zote, akashukuru, akaenda kuiweka nje kwenye baraza, kama mtu anavyoweka viatu vyenye matope. Tulikula fufu ya unga wa muhogo, sombe ya majani yake na samaki wa kukaanga. Mgeni alinitazama ninavyofinyanga tonge, akaacha uma, akafinyanga lake. Kwenye pilipili hakusikia onyo letu. Alilia machozi, akafuta uso, akaomba nyingine.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mchungaji wetu. Kwetu mchungaji hapigi simu kwanza, anapita tu.

"Karibu, Papa mchungaji," nikasema, na moyo wangu uko barazani.

Akamsalimu mgeni, akaketi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu mzee anafanya kazi gani?"

"Mkulima," mke wangu akajibu upesi kabla sijafungua mdomo.

"Mkulima wa nini?"

"Matunda."

Mchungaji alikuwa mtoto wa wakulima wa milimani. Aliposikia kwamba mzee yule analima kwenye mteremko mkali, akasogeza kiti. Akataka kujua udongo unazuiliwaje usiteremke na mvua, kama wanapanda kufuata kilima au kukatiza, kama mbuzi wanasumbua. Mzee akaeleza kuta za mawe zilizojengwa na babu zake. Nilitafsiri mpaka sombe ikapoa sahanini mwangu. Wale wawili walikuwa wamesahau kwamba mimi nipo.

"Na matunda yenyewe ni yapi?" mchungaji akauliza mwishoni.

"Zabibu," nikasema.

"Zabibu zote hizo anazifanya nini?"

Nikaanza kutafuta jibu ambalo halitakuwa uongo. Binti yetu wa miaka tisa, ambaye siku hizo alijibu kila kitu kwa Kiswidi, akasema kutoka kwenye kochi, bila kuinua macho kwenye daftari lake, "Vin."

Neno hilo halikuhitaji mtafsiri. Mke wangu akaanza kukusanya sahani ambamo watu walikuwa bado wanakula. Mchungaji akatazama ile mikono ya mzee, kisha akaniambia, "Muulize. Anaweza kuiacha juisi ibaki juisi?"

Alikuwa na sababu. Meza ya Bwana kwetu tuliiandaa kwa sharubati ya stroberi ya dukani, kwa kuwa ilikuwa nyekundu na ilipatikana, na jambo hilo lilimwudhi miaka yote. Mzee akasema inawezekana kabisa. Kanisa likimwandikia tu, wakati wa mavuno atatoa zawadi.

Barua niliiandika mimi, na hapo ndipo nilipoharibu. Kijerumani kina neno la juisi iliyochemshwa ikatulia, na kina neno jingine la juisi iliyotoka kukamuliwa sasa hivi, ambayo hamira yake ingali hai. Niliandika la pili. Lilinipendeza kwa sababu lilikuwa fupi.

Vuli ile kijana wa ukoo alipita Stockholm na gari la mizigo, akashusha kanisani chupa ishirini na nne. Vifuniko vyake vilikuwa na matundu madogo, ili chupa zipumue. Mama mmoja mzee, mwandaaji wa meza ya Bwana na mtu msafi kuliko wote ninaowajua, akaona matundu yale ni uharibifu wa njiani. Alivitoa vifuniko vyote, akanunua vizibo, akavigongelea kwa kisigino cha kiatu, akazipanga chupa stoo karibu na kipasha joto, zisipate baridi.

Jumapili, mlio wa kwanza ulikuja katikati ya maombi. Watu wetu wengi wametoka Kivu. Wakisikia mlio kama ule hawaulizi maswali. Kabla ya mlio wa pili kwaya nzima ilikuwa imelala chini, mke wangu juu ya binti yetu, mimi chini ya meza ya vitabu vya nyimbo, uso wangu kwenye zulia. Ukaja wa tatu, na wa nne. Aliyebaki amesimama ni mtunza jengo, Mswidi, pale mlangoni, akiuliza kwa upole kama kuna mtu amegusa kipasha joto.

Mchungaji alitambaa hadi stoo, akafungua mlango. Tukasikia mlio mwingine, halafu kimya. Aliporudi alikuwa akitembea kwa miguu, shati limelowa, povu kichwani, na harufu tamu ikamfuata ikajaa ukumbi.

"Hakuna bunduki," alisema. "Ni divai mpya, inapasua viriba. Tuliambiwa."

Yule mama wa vizibo ndiye aliyeanza kucheka, palepale chini alipolala. Akafuata jirani yake, kisha safu nzima. Wengine walikuwa wakicheka na kulia pamoja, na mke wangu alikuwa mmoja wao. Sijawahi kuona tena kanisa likicheka likiwa kifudifudi.

Siku ile tulishiriki kwa stroberi. Baadaye nilisimama mbele ya wazee wa kanisa nikakiri kuhusu lile neno fupi. Waliniadhibu kwa kazi niliyoijua vizuri kuliko wote: kuosha stoo, kuta na dari. Juisi ya kweli, iliyochemshwa, ilifika kabla ya Krismasi. Mchungaji aliichemsha tena mwenyewe, kwa usalama.

Mama wa Kista alistaafu, na mzee akatualika tukamsaidie kuvuna. Tulikwenda wanne, mchungaji, mke wangu, mimi na yule mama mzee, katika gari dogo, siku mbili barabarani. Mteremko ulikuwa mkali kuliko barua zote nilizotafsiri. Mchungaji alifunga kamba kiunoni, akaona haya, akaifungua, akateleza, akaifunga tena. Mke wangu alijaza kapu lake kabla ya vijana waliokuja kila mwaka kwa kazi hiyo. Alipofika juu aliweka mkono kiunoni, akautazama mlima mzima na mto chini yake.

"Hapa pangefaa mihogo," akasema.

Mzee akataka kujua amesema nini, nikamwambia. Hakucheka. Aliinama, akachota udongo wake wa mawe meusi, akausaga kiganjani, kisha akaniambia nimuulize mke wangu mizizi ya muhogo huenda chini kiasi gani.