Arobaini ya Mama kule Vårby gård

Hadi leo nikisikia harufu ya uji uliokolea pilipili manga, narudi jikoni kwetu Vårby gård, viungani mwa Stockholm. Baba amesimama mbele ya jiko, koti hajavua, anakoroga. Alikuwa anasomea uhandisi, na uji wake, nawaambieni, ulikuwa na madonge ya kujengea nyumba.

Nilikuwa na miaka saba. Mdogo wangu Salimu alizaliwa theluji ikiwa bado imejaa roshani, na Mama akaingia arobaini kama mzazi yeyote wa kwao Tanga: hatoki nje mpaka siku zitimie. Lakini Tanga mzazi hukaa ndani na watu. Yupo wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia, wa kumpokea mtoto, na wa kuja kupiga soga tu. Mama alikuwa na Baba, tena jioni, akishatoka chuoni. Mchana alikaa dirishani na Salimu, akitazama wanawake wakipita na vigari vya watoto wao.

Jioni moja nilimsikia akisema, kwa upole ulionitisha kuliko ukali wake, "Baba Zuhura, arobaini ikiisha nirudishe kwetu na wanangu. Mtu anazaa, hata wa kuja kusema hongera hakuna!"

Baba alibaki akisugua sufuria ambayo ilishatakata zamani. Mimi nilishikwa na hofu. Nilikuwa nimeanza shule, nina rafiki, na nilijua tukiondoka Baba atakufa kwa uji wake mwenyewe.

Theluji ikayeyuka, maji yakawa yanadondoka paani mchana kutwa, na miti iliyokuwa fito tupu ikachipua. Jumamosi moja asubuhi Baba akatangaza, "Mama Zuhura, arobaini imetimia. Vaa, tumtoe mtoto."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akatoa kanga mpya sandukuni, akajitanda juu ya koti, akampaka Salimu wanja, tukashuka.

Uwanja ulikuwa umejaa watu! Jengo zima lilikuwa nje. Wengine walikuwa na reki, wengine wakikung'uta vumbi mazulia yao, na mezani palikuwa na kahawa na mikate ya mdalasini. Mbele kabisa alikuwa bibi tuliyemwita tant Gun, yaani shangazi Gun, wa mlango wa pili, ambaye tangu tuhamie alikuwa akitutikisia kichwa tu. Mama alimwendea moja kwa moja, akamweka Salimu mikononi mwake. Reki aliyoshika ikaanguka.

"Nej, men så liten!" alisema tant Gun, akishangaa udogo wa mtoto, na machozi yakamlengalenga.

Salimu akapita mkono kwa mkono. Mama akamiminiwa kahawa, akalishwa, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ajifungue. Baba alisimama kando ya baiskeli akimwangalia, kikombe kikimpoea mkononi. Kurudi Tanga hakukutajwa tena, na tant Gun akawa mtu wa kubisha hodi kwetu kila siku.

Nilipokua ndipo nilipojua kwamba majengo yale yana siku yao ya kusafisha uwanja kila majira ya kuchipua. Hakuna aliyekuja kwa ajili yetu. Baba alipata habari hiyo kwenye lifti, akaiwahisha arobaini ikutane na watu. Nilimwonea huruma Mama, siri nikaikalia miaka mingi. Nilimwambia baada ya Baba kufariki.

Mama alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mimi ndiye niliyezaa, nisijue siku zangu? Na wewe ushaona wapi watu wanakuja arobaini na reki?"

"Sasa ulishukia nini, Mama?"

Alijifuta macho kwa pembe ya mtandio. "Baba yako hakuwa na watu wa kuniletea, mwanangu. Akaona anipeleke mimi kwa watu. Vile alivyosimama pale mlangoni, ningemwambiaje siku bado?"

Miaka yote nilidhani ni Baba aliyembakiza Mama Stockholm, kwa ujanja wake. Kumbe Mama alishaamua kubaki kabla hatujafungua mlango.