Mashua ya Wasichana Wanane na Mgongo Wangu

Sijawahi kuona watu wanaojisikia kama wasichana wanane niliowashikia usukani chuoni Houston, wala sijaona watu wenye sababu chache hivyo za kujisikia. Mpiga makasia wa mashua zile hukaa ameupa mgongo upande anaokwenda. Mbele haoni kitu. Anavuta kwa nguvu zake zote kwenda mahali asipopajua, kisha akishuka anatembea kifua mbele kama vile maji yenyewe kayachimba yeye. Anayeona mbele ni mmoja tu, yule aliyekaa mkiani kabisa, mfupi kuliko wote, anayeshika kamba za usukani na kupiga kelele. Huyo nilikuwa mimi.

Walinichukua kwa sababu ya ufupi wangu. Kepteni wao alinikuta kwenye foleni ya chakula, akaniangalia juu mpaka chini, safari ambayo haikumchukua muda, akaniuliza kama napenda michezo. Alikuwa mrefu, baba yake ndiye aliyeinunulia klabu mashua, na alikuwa na tabia ya kuongea na watu huku akitazama juu ya vichwa vyao. Aliposikia kwetu ni Tanzania akasema basi lazima muziki uko kwenye damu, nitawapigia mdundo mzuri. Nikamsonya. Msonyo hakuujua; alidhani nimekubali.

Na kweli nilikubali, nisijifanye mtakatifu. Nilikipenda kile kiti. Wasichana ambao darasani hawakuwahi hata kuniuliza jina walivuta nilipowaambia vuta, wakaacha nilipowaambia acha. Mimi nimekulia Stafford, nje kidogo ya Houston, kwenye nyumba ya kupanga, naambiwa kutwa nipunguze sauti, majirani watalalamika. Kulipwa heshima kwa sababu ya sauti hiyo hiyo kulinilewesha.

Mto wetu haukuwa mto. Ulikuwa kijito cha maji ya kahawia, chembamba, mashua mbili haziwezi kwenda sambamba bila kupigana makasia. Kocha wetu alikuwa amesoma mwaka mmoja Uingereza na hakuwahi kupona. Akaleta mashindano ya huko. Mashua zinapangwa moja nyuma ya nyingine, honi inalia, kila moja inaifukuza ya mbele ili iiguse, huku yenyewe ikiikimbia ya nyuma. Ukiguswa, mshika usukani wako ananyanyua mkono, aliyekugusa anaacha kuvuta, nyote mnakaa pembeni, na siku inayofuata anachukua nafasi yako. Mchezo wote ni huo, siku nne mfululizo, na walikuwa wanauongelea kama vita ya ukombozi.

Lakini ule mkono haukuwa pambo. Mashua inayokufukuza ina ncha mbele, na ncha hiyo haiendi kwa wapiga makasia. Inamjia aliyekaa mkiani, kwa nyuma, asipoweza kuiona.

Mwaka 2019 mashindano yaliangukia ndani ya Ramadhani. Nilipomwambia kepteni kwamba nafunga, alifurahi kuliko shehe yeyote niliyewahi kumwona. Walikuwa wananipima kwenye mizani kila mazoezi, kwa sababu kwao mshika usukani ni mzigo, na mzigo mzuri ni mwepesi.

"Yaani huli mchana kutwa? Mwezi mzima?" akasema. "Hiyo imetufaa sana!"

Maskini, habari za futari hakuzijua. Kwetu Ramadhani ndiyo mwezi wa kunenepa. Mama alikuwa nesi, akitoka kazini hata viatu hajavua anaanza kukaanga sambusa, na kuna tambi, kuna kaimati, kuna mihogo ya nazi, na ukisema umeshiba anakuuliza kama unaumwa. Wiki ilipoisha mizani ilikuwa imepanda. Kepteni aliiangalia kana kwamba imemtukana. Kesho yake akaja na binamu yake, msichana mwembamba ambaye nadhani hata kigari cha supamaketi hajawahi kukinyoosha, akamkalisha ukingoni atutazame. Yule binamu alinitabasamia mazoezi yote. Tabasamu la mtu anayepima pazia kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajahama.

Siku ya mwisho tulikuwa mashua ya kwanza kwenye mstari, na anayeimaliza siku hiyo akiwa wa kwanza ndiye bingwa. Nyuma yetu walikuwa wasichana wa chuo kimoja cha Dallas, ambao kila siku walikuwa wamemgusa mtu. Kabla hatujapanda, kepteni akanivuta pembeni.

"Wakitugusa, mkono usinyanyue," akasema. "Pale kwenye kona yenye miti mwamuzi haoni. Tukiivuka tu, ubingwa ni wetu mwaka mzima. Ukinyanyua, kiti nampa binamu yangu."

Aliyasema hayo kwa macho makavu, huku anafunga nywele zake utepe.

"Na mgongo wangu?" nikamuuliza.

"Si una jaketi la kuokolea?"

Mama alikuwa amekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza, pamoja na mama mdogo anayekaa Alief, huko huko Houston. Kwenye simu alikuwa amenidharau vizuri tu: "Yaani mnaenda kinyumenyume, halafu mnafukuzana? Na ndiyo nime-cancel shift kuja kuona hicho?" Lakini alikuja, na futari kwenye hotpoti, na kwa kuwa jua la Houston halina huruma na mtu aliyefunga, wakatafuta kivuli. Kivuli kilikuwa kwenye miti ya kona.

Honi ikalia. Kepteni hupiga kasia la kwanza kutoka mkiani, kwa hiyo tulikuwa tumeelekeana uso kwa uso, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya mnanaa kwenye pumzi yake. Mimi niliona mbele, yeye aliona nyuma yangu. Nikawapigia kelele zangu zote, koo kavu, na walivuta vizuri, hilo siwanyimi.

"Wako wapi?" nikamuuliza.

"Mbali," akasema.

Alikuwa anadanganya. Nilishaanza kumsikia mshika usukani wa Dallas, kwanza sauti, kisha maneno, kisha hata pumzi baina ya maneno. Tukaingia kwenye kona. Kitu kikaugonga usukani wetu, mashua ikatikisika, kamba zikanichoma viganjani.

"Bado!" akasema kepteni. "Endelea kuongea!"

Nikamtazama usoni. Katika mashua nzima hakuna aliyeiona ile ncha vizuri kuliko yeye. Aliiona inavyonijia, akapiga hesabu yake, akaona ubingwa wa kijito kichafu una uzito kuliko mbavu zangu. Hasira ningeielewa. Lakini sikupata hasira. Nilimdharau, dharau safi isiyobakiza kitu, na pamoja naye wale saba nyuma yake ambao nao walikuwa na macho na hakuna aliyefungua mdomo.

Nikanyanyua mkono, juu kabisa.

Dallas wakaacha kuvuta. Mashua yao ikateleza kidogo, ikasimama, ncha yake ikiwa sawa na bega langu.

Hapo ndipo kwenye miti vigelegele vikalipuka. Mama na mama mdogo walikuwa wameona mtoto wao kanyanyua mkono, na kwa walivyojua wao, anayenyanyua mkono kashinda. Mama akaniita kwa jina langu, la baba na la babu. Mama mdogo akavua mtandio akaupunga hewani. Mwamuzi akaja mbio kuona nani anauawa, akatukuta tumekaa pembeni, mkono wangu bado uko juu, akaandika.

"Wanashangilia nini hao?" kepteni akafoka. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Waambie tumeshindwa! Na wewe Jumatatu usije."

Niliumia, siwezi kusema sikuumia. Nikavua kipaza sauti nilichovaa kichwani, nikakiweka mapajani mwake, nikaziachia na kamba za usukani, nikawaacha warudi gatini bila sauti yangu. Walikwenda upogo njia nzima.

Mama alinipokea kwa kunikumbatia hivyo hivyo nilivyolowa jasho na maji ya makasia. Nyuma yangu wale wanane walikuwa wanaitoa mashua majini, hawaniangalii.

"Mmeshinda, eh?" akauliza.

"Mimi nimeshinda, Mama. Hawa wameshindwa."

Akawatazama, akanitazama mimi. "Kwani hamkuwa mtumbwi mmoja?"

"Hapana, Mama," nikamwambia. "Hatukuwa."