Nilifuta barua ya mdogo wangu, yeye anadhani ni Mungu aliyekataa

Admin, tafadhali ficha jina langu na la kazini kwangu, maana Bunia ni ndogo na nusu ya mtaa wetu wa Ngezi wanakusoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, sijaolewa. Kwetu ni Butembo, huku nilifuata kazi. Niko kwenye sekretaria, pale watu wanapokuja kuchapisha barua, kufotokopi na kujaza fomu za mtandaoni. Mashine yenye intaneti ni moja tu na mimi ndiye ninayeishika. Ni mwaka wa sita sasa, na nisiwafiche, nilikuwa najivuna nayo kupita kiasi.

Kwenye mashine hiyo nimehifadhi kurasa tunazotumia kila siku, zile tunaziita favoris: matokeo ya mitihani, pasipoti, vyuo. Ukibonyeza moja, inafunguka palepale na kuchukua nafasi ya ukurasa uliokuwepo. Fundi aliwahi kuniambia anaweza kuzipanga ili kila favori ifunguke kwenye onglet yake, vile vichupo vinavyojipanga juu ya skrini, au hata kwenye dirisha jipya, kazi ya mtu mwingine isiguswe. Nilikataa kabisa. Niliamini kwamba kila onglet inayobaki wazi inaendelea kula mega za intaneti tunazonunua, kama taa uliyosahau kuzima. Mdogo wangu, nimwite Kavira, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alikuwepo siku ile.

"Yaya, page ikisha kufunguka, haikule tena mega," akasema. "Iko inakaa tu."

"Weye ulianza kugusa mashini lini?" nikamjibu mbele ya wateja. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kavira ana miaka ishirini na miwili. Mama yetu alikufa akijifungua, yeye pamoja na mtoto, kule Butembo, na Kavira peke yake ndiye aliyekuwa chumbani naye. Mimi nilikuwa huku. Baada ya mazishi alikuja kuishi nami, na tangu hapo hakuwahi kutamka neno moja juu ya siku ile. Nilipomuuliza alikuwa anainuka anaenda kuosha vyombo, hata kama ni safi.

Mwaka jana lilitoka tangazo la ufadhili wa masomo ya ukunga. Fomu ilikuwa ya mtandaoni, na ndani yake unatakiwa uandike barua ya kueleza kwa nini unataka kazi hiyo. Siku ya mwisho, mwisho saa sita mchana, Kavira alikaa kwenye mashine yangu tangu asubuhi akiandika humohumo ndani ya fomu. Alikuwa analia na kuandika. Nilipita nyuma yake nikasoma mistari michache tu: Mama alivyokuwa akiniita mimi, jina langu, akiomba niambiwe nije. Nilikuwa sijui. Nikarudi kukaa kwenye kiti changu.

Ilipobaki nusu saa akainuka akimbie nyumbani kuchukua diploma yake ya sekondari, maana alikuwa ameisahau na ilitakiwa kuingizwa mule.

"Yaya, usiguse. Niko narudia sasa hivi."

Hapo akaingia mzee mmoja anayetaka matokeo ya mtoto wake, pikipiki ya kumpeleka Mahagi inamngoja nje inanguruma. "Mama, unisaidie mbio!" Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye favori, kama unavyoenda kila siku. Mashine ikaniuliza kama kweli nataka kuuacha ukurasa ule. Nikabonyeza ndiyo. Huwa sisomi maneno hayo, nabonyeza ndiyo tu.

Matokeo yakatoka, mzee akashukuru akaenda zake. Ndipo nikaelewa. Nikarudi nyuma, fomu ikaja tupu. Nikarudi tena. Tupu.

Kavira alipoingia akihema, diploma mkononi, niliusingizia mtandao: "Rezo ilikata. Page ikajifunga yenyewe."

Alijaribu kuandika upya, akafikisha mistari minne, vidole vikakataa. Saa sita ikapita. Nilitegemea angepiga kelele. Badala yake alinishika bega mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalia kwa sauti.

"Usilie, yaya. Haiko kosa yako. Ni Mungu hakupenda nielezee watu kifo ya Mama."

Nikamwacha aamini hivyo. Ni mwaka mzima sasa ninanyamaza. Fundi nilimwita kesho yake, favoris zote zinafunguka kwenye onglet zao, na mega zinakwisha vilevile kama zamani. Kumbe niling'ang'ania ujinga.

Sasa tangazo limetoka tena. Mwisho ni Ijumaa. Nilimwambia Kavira kwa furaha, akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto.

"Mungu alishajibia, yaya. Siwezi kumuuliza mara mbili."

Amepata kazi ya kupika kwenye machimbo ya dhahabu, anaondoka Alhamisi. Nimemwomba, nimemletea hata mchungaji, hataki. Kinachomzuia ni uongo wangu tu. Nikimwambia kweli, huenda akajaza fomu. Lakini atajua pia kwamba alimwandika Mama kwa machozi, mimi nikamfuta kwa uzembe, kisha nikamwacha anifariji. Sina mtu mwingine duniani, na simwoni akinisamehe.

Jana jioni alinikabidhi diploma yake ndani ya bahasha. "Unibakishie hii, yaya. Kule itaharibika bure, na miye sina tena kazi nayo." Nimeipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante.

Leo ni Jumanne. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mnitukane mkitaka, nimestahili, ila mniambie: nitaanzaje kumwambia?