Ngozi ya Nyumba ya Fardosa

Jarso wa Adano anajua ng'ombe. Hilo hata adui yake hulikubali, ingawa hulikubali akiwa ameangalia pembeni. Mwonyeshe mtamba kwa mbali, katikati ya vumbi, atakwambia mama yake alikuwa wa nani na atazaa mwezi gani. Ila mtu anayejua kitu kimoja sana ana ugonjwa wake: hudhani vitu vingine vyote ni binamu wa kile anachokijua. Ndivyo Jarso alivyoingia katika mambo ya mbao, kifua mbele, bila kumuuliza mtu.

Boma lake la zamani lilikuwa bondeni kando ya mto Tana, chini ya kijiji cha Idsowe. Hapo alikuwa amejenga nyumba ya udongo yenye pembe nne, ya kwanza katika ukoo wao, na alihakikisha kila mgeni amezihesabu hizo pembe. Mafuriko ya mwaka elfu mbili ishirini na nne yalipokuja, mto haukubisha hodi. Watu walitoka, mifugo ikatoka, nyumba ikalainika kama uji na kulala chini. Fardosa, mkewe, aliishi miezi mitano kwenye turubai la msaada, kisha akachoka. Akapanda juu ambako maji hayakufika, akakata fito, akazipinda, akaziezeka nyasi. Baada ya wiki tatu akawa na nyumba yake ya mviringo kama walivyojenga mama yake na bibi yake. Jarso aliitazama akaona aibu, maana mwanamume aliyejisifia pembe nne alikuwa amerudi kuinama mlangoni. Akaahidi mbele ya watu: kabla ya vuli ijayo, Fardosa atakuwa ndani ya nyumba isiyoogopa maji.

Sasa, kwa Waorma, watu wa Jarso, nyumba ni ya mke. Yeye huikata, huifunga na huiezeka, na mume huja kama mgeni mwenye adabu. Mzee Adano, babake Jarso, ambaye fisi na machifu walimwogopa sawasawa, alikohoa mlangoni pa mkewe kila jioni kwa miaka arobaini. Asipojibiwa kutoka ndani, ghafla alikumbuka ana kazi zizini. Na dalili ya kuwa mke amehamia ni moja tu: vyombo vyake vya maziwa, vile vya kusukwa ambavyo huvifukiza kwa moshi hadi vinukie. Vikitundikwa ukutani, nyumba imekuwa nyumba. Kabla ya hapo unaweza kuweka kochi, kitanda na saa ya ukutani, lakini hiyo ni ghala yenye saa.

Jarso aliyajua yote haya. Alichosahau ni kwamba yanamhusu.

Wazo lake lilitoka pwani. Alikuwa amepeleka mafahali Malindi, akapita Watamu kumsalimu mjomba wake, akaona nyumba ya wageni iliyovikwa mbao nje, mbao tupu zisizopakwa rangi, zikionyesha mishipa yake kama mkono wa mzee. Alisimama barabarani hadi askari wa getini akamuuliza amepotelewa na nini. Aliporudi kwao Garsen hakuwa na hadithi nyingine. Akamtafuta Kahindi, seremala wa Kigiriama mwenye karakana yake Tarasaa, mtu mpole ambaye husema taratibu kwa sababu mdomoni mna misumari.

Kahindi alilipenda wazo. Alisema udongo mweusi wa delta hunywa maji ukavimba, kisha jua likija hupasuka, na ukuta wa mawe hupasuka nao. Lakini nyumba ya mbao ikisimama juu ya nguzo hutikisika kidogo na kunyamaza. Mwili wa nyumba haukuwa tatizo. Kazi ilikuwa ngozi yake, zile mbao za nje zitakazopigwa na jua, mvua na mchwa. Alikuwa na utaratibu wake wa kuchagua, ambao alirithi kwa mwalimu wake: huchukua kipande cha kila mti, hukifunga waya, hukifukia kwenye kichuguu kwa siku arobaini, halafu hufukua. Mchwa, alisema, ni fundi asiyehongeka. Akakata vipande vitatu, cha mwembe, cha msindano na cha mnazi. Walipokuwa wakifukia, Fardosa alipita na kuni kichwani. Alivitazama, akatua mzigo, akachomoa kijiti kimoja kutoka kwenye kuni zake na kumpa Kahindi.

Kilikuwa kijiti cha mathenge.

Jarso aliona, akacheka kicheko kisicho na furaha. Kila mfugaji wa Tana ana kesi na mti huo. Umeziba njia za kwenda mtoni, na maganda yake yameozesha meno ya mbuzi hadi wanakufa njaa nyasi zikiwa mbele yao. Kwa Jarso ilikuwa zaidi. Fahali wake mwekundu, aliyemlea kwa mkono baada ya ukame, alichomwa mwiba wa mathenge kwenye ukwato. Mguu ukaoza. Jarso alimchinja mwenyewe, na siku ile aliapa mbele ya majirani kwamba mti huo hautavuka lango lake isipokuwa ukiwa majivu. Kahindi alikifukia kijiti hata hivyo, maana mteja hakatazi kichuguu.

Siku arobaini ni nyingi kwa mtu mwenye ahadi. Siku ya tisa Jarso alisikia kwamba kijiji cha Hewani kuna miembe iliyokufa kwa kusimama majini, na wenyewe wanaipasua mbao. Akaenda. Alichagua mbao zile kama mtu anayechagua mtamba: akazipapasa mgongo, akazinusa, akazipiga kofi kusikia zinajibuje, akarudi nyuma hatua tatu kutazama rangi. Zilikuwa nzuri, usiyalaumu macho yake. Zilikuwa ndefu, zimenyooka, za kahawia yenye mawimbi ya dhahabu. Kahindi alimsihi asubiri mchwa waseme.

"Fundi," Jarso akamwambia, "tangu nizaliwe sijaomba ruhusa kwa mchwa."

Mwili wa nyumba ukasimama juu ya nguzo kando ya ile ya mviringo, na mbao zikapigiliwa. Ukuta wa mbele ukakamilika, ukapakwa vanishi, ukang'aa hadi kuku wakawa wanaupiga midomo kugombana na vivuli vyao. Jarso akaalika watu. Liban, jirani yake, mwenye ulimi unaoweza kuchuna mbuzi, alizunguka nyumba yote akisifu, kisha akauliza chai imetoka nyumba gani. Kila mtu alikuwa ameona: chai ilitoka kwenye nyumba ya mviringo. Fardosa mwenyewe alikuja, akaweka kiganja ukutani akakiacha hapo kidogo kama anayepima homa ya mtoto. Akasema ukuta unapendeza. Kisha akarudi kukamua, na vyombo vyake vya maziwa havikuondoka vilipotundikwa.

Wiki zikapita. Jarso alikaa ndani ya nyumba yenye ukuta mmoja mzuri kama mtu aliyevaa koti bila suruali. Alimtuma binti yao Ikhlas aulize mama anangoja nini. Ikhlas akarudi na jibu kwamba mama hangoji kitu, ana nyumba. Na mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujipanga upande wa bahari.

Kisha asubuhi moja Jarso alikuta unga chini ya ukuta. Alidhani ni vumbi, akafagia. Kesho yake ulikuwepo tena, mweupe, laini, kama mtu amechekecha. Akasogeza jicho kwenye mbao akaona vitundu vidogo vya duara, mamia, na ndani yake vidudu vikitafuna kwa utulivu kama wazee kwenye harusi. Mbao nyingine zilikuwa zimejikunja, na kwenye maungio mjusi alipita bila kujibana. Akamwita Kahindi. Kahindi hakusema nilikwambia, na hilo lilimuuma Jarso kuliko kama angesema. Siku arobaini zilikuwa zimetimia, akachukua jembe tu, wakaenda kichuguuni.

Mwembe haukuwepo, palikuwa na waya umefunga udongo. Msindano ulikuwa umebaki nusu. Mnazi ulikuwa na upande mgumu na upande wa sponji. Kijiti cha Fardosa kilitoka kama kilivyoingia. Kahindi alikipangusa kwenye suruali, akakigonga kwenye mpini wa jembe, kikalia kama chuma. Akamnyooshea Jarso. Jarso hakukipokea.

Alishuka bondeni peke yake. Hakuwa na safari. Miguu ilijiendea kwenye boma la zamani ambako hakuwa ameketi tangu mafuriko. Mahali pa nyumba ya pembe nne palikuwa na tuta la udongo lenye majani. Lakini zizi la mbuzi lilikuwepo. Nguzo zake zote, za mathenge, zilisimama, na juu kabisa, juu ya kichwa cha Jarso, zilikuwa na mstari wa tope ulioonyesha maji yalifika wapi. Alizishika moja moja. Alikuwa amepita hapo na ng'ombe wake mara mia na hakuwahi kuziona, kwa sababu hakuwa akizitafuta.

Zizi lile Fardosa alilijenga kabla Ikhlas hajaota meno, sasa Ikhlas ana watoto. Jarso alikumbuka mikono ya mkewe wiki ile ilivyovimba kwa miiba, na jinsi alivyomcheka kwamba anajenga kwa kuni. Hakumbuki kama alimtoa hata mwiba mmoja. Aliketi pale hadi jua likamhamisha. Fahali wake alikuwa amekufa kweli, na mti ulikuwa na hatia kweli. Lakini hapo zizini, pasipo mtu wa kumsikia akijisifu, aliona kwamba amekuwa akiutumia ule ugomvi na mti kuzuia swali jingine lisiingie. Swali lilikuwa dogo. Hata babake, na ukali wake wote, alilikohoa kila jioni.

Fardosa alikuwa akifukiza chombo cha maziwa aliporudi. Jarso aliketi juu ya jiwe, akakohoa.

"Mama Ikhlas, kama ingekuwa wewe, ungeivika nini ile nyumba?"

Alizungusha makaa ndani ya chombo, akayamwaga, akanusa. "Umeapa mbele ya watu, Baba Ikhlas."

"Niliapa."

"Basi sikiliza. Mti ule ulikula fahali wako. Sasa wewe unataka uuchome uwe majivu mara moja, upumzike. Mimi ningeusimamisha nje, upigwe jua, upigwe mvua, miaka na miaka, na wewe umelala ndani mkavu. Kati yetu nani ana kisasi?"

Jarso akaanza kucheka, na Fardosa akacheka naye.

Kazi haikuwa rahisi. Kahindi alipoletewa magogo na wachoma makaa alishika kiuno. Mathenge ni mti uliokua kwa hasira. Haukupi ubao mrefu kuliko mkono wa mtu. Msumari haupiti bila kutobolewa njia kwa kekee, na misumeno yake ilikuwa butu kabla ya adhuhuri. Zaidi ya yote, vibao vifupi vina maungio mengi, na kila ungio ni mlango wa mvua. Alipiga hesabu za kichwani siku mbili, akatangaza kwamba haiwezekani.

Fardosa alikwenda kwenye nyumba yake ya mviringo, akafunua nyasi kidogo pembeni, akamwita aje aangalie. Tunaanza chini, akamweleza. Safu ya pili inalalia kichwa cha safu ya kwanza, ya tatu inalalia ya pili, na panapokutana mafungu mawili, fungu la juu linaketi katikati. Maji yakija hayapati pa kuingia, yanakabidhiwa tu kutoka huyu hadi yule mpaka ardhini. Bibi yake hakuwa na nyasi ndefu kuliko mkono, na hakuwahi kulowa.

Kahindi alitoa misumari mdomoni ili aweze kufungua mdomo vizuri. Miaka ishirini na sita ya useremala, na somo la ukuta kalipata kwenye nyasi. Wakaanza chini. Fardosa alichagua kila kibao, rangi ya damu iliyokauka karibu na rangi ya asali, na Jarso alipewa kazi ya kuvipaka oili chafu ya gari, kazi ambayo haihitaji maoni. Mbao za mwembe ziling'olewa. Jarso aliomba abakishiwe moja tu, aifanye rafu ndani. Fardosa alikubali kwa sharti kwamba unga ukianza tena atafagia yeye.

Ukuta wa nne ulifungwa Alhamisi. Jumamosi mvua ilipiga, ile ya kwanza ya vuli isiyo na adabu, ikitoka ubavuni. Jarso alikuwa kwa Liban, na Liban alikuwa akimwuliza, mbele ya watu, alipata wapi busara ya kuchagua mti mgumu hivyo. Mlango wa kujisifu ulikuwa wazi kabisa, na Jarso aliingia, ila kwa mguu mwingine: alisema kuna waume wengi Garsen wanaoweza kununua mbao, lakini angependa kumwona hata mmoja ambaye mkewe ameshinda mto na mchwa. Kisha akaaga, mvua ikiwa bado inapiga.

Alifika nyumbani amelowa hadi mifupani. Alizunguka ukuta wa upande wa upepo, akatazama maji yakiteremka kibao kwa kibao, yakikabidhiwa, hadi chini. Nyumba ya mviringo ilikuwa giza na mlango wake umefungwa kwa fito. Hakukuwa na moshi.

Moshi ulikuwa ukitoka kwenye nyumba mpya, pamoja na ile harufu ya maziwa na makaa. Kupitia dirishani aliviona vyombo vitatu vimetundikwa kwa kamba ukutani, juu ya rafu ya mwembe.

Mkono wa Jarso ulikuwa umeshafika kwenye komeo. Akaurudisha. Akasimama pale kwenye mvua, mwenye boma, mwenye ng'ombe, akakohoa.

"Ingia," Fardosa akasema. "Lakini pangusa miguu."