Mashahidi wa Minazi Yangu

Mali yangu yote ukiipanga uani, mbuzi atairuka asijikwae. Nina nyumba ya makuti hapa Msambweni, kitanda cha kamba, redio inayoshika kituo kimoja, na minazi michache nyuma ya jiko aliyoipanda marehemu mke wangu. Shule niliiacha darasa la sita, au shule iliniacha mimi, sikumbuki nani alichoka kwanza. Nikaenda kukata nyasi kwenye hoteli za Diani mpaka mgongo ukagoma.

Watoto hatukujaaliwa. Warithi wangu ni vijana wawili wa marehemu kaka yangu, wako Mombasa, na huku huja kwa matanga tu. Kwa hivyo najua kwangu watakuja mara moja, na siku hiyo sitaweza kuwapikia chai.

Ile minazi nilitaka aipate jirani yangu, mama mmoja wa Kikamba anayefanya kazi Ukunda. Kila asubuhi akipita hupiga kelele uani: "Mzee, uko hai?"

"Mpaka sasa!"

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote ya siku. Lakini ni yeye tu anayeuliza.

Nikamwendea ustadhi wa madrasa, nikamuuliza kama yafaa kumpa asiyekuwa Muislamu.

"Kurithi harithi," akasema, "lakini kumuusia yafaa. Usipite thuluthi ya mali yako, na utafute mashahidi wawili."

Wakaja Alhamisi baada ya alasiri: ustadhi, fundi wa baiskeli, na mzee mkwezi aliyeikwea minazi hiyo tangu mke wangu yu hai. Nilikuwa nimepika mbaazi za nazi na kununua mahamri. Ustadhi akaandika, fundi akatia sahihi, mkwezi akatia kidole gumba. Nilidhani wataondoka. Wakakaa mkekani mpaka magharibi.

"Na redio wamwachia nani?" fundi akaniuliza.

"Wewe. Uitengeneze umri wako uliobaki."

"Basi nife mimi kwanza!"

Tukacheka mpaka kuku wakatawanyika. Nyumba yangu ilikuwa haijasikia vicheko vya watu tangu mke wangu alipoondoka.

Baadaye nikakumbuka sikutaja kinu. Nikawaita Alhamisi nyingine. Kisha kitanda, nikawaita. Kisha nikamtoa fundi kwenye redio, halafu nikamrudisha. Ustadhi alikuwa ameniambia wasia hubadilishwa hali ikibadilika, na hali yangu ikawa inabadilika kila mbaazi zikiiva.

Mara ya mwisho hakutoa kalamu.

"Mzee wangu, ukibadilisha tena, vijana wako watasema akili zilikuwa zimekuruka. Wataupinga wasia wote, na yule mama atakosa minazi."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo leo niambie. Kuna kilichobaki?"

Nikautazama mkeka, na mahamri ambayo hakuna aliyekuwa ameyagusa bado. Nikasema hakuna. Wakala, wakanishukuru, wakaenda zao mapema.

Alhamisi iliyofuata nikaloweka mbaazi kama kawaida, mkono umezoea. Nikazila peke yangu mpaka Jumamosi. Hata mbaazi zenyewe zilionekana kunichoka.

Halafu Ijumaa moja, msikitini, mkwezi akakohoa. Kikohozi kizito, cha kutoka chini. Nikajikuta nawaza: shahidi akifa, itabidi atafutwe mwingine, tukae tena. Astaghfirullah! Mwenzangu anakohoa, mimi naagiza mahamri.

Kesho yake sikumwona njiani. Nikanunua tangawizi na kichupa cha asali, nikaenda kwake. Mkewe akatokeza kwenye pazia la mlango.

"Amelala, shemeji. Leo mwabadilisha nini?"

"Hakuna. Nimemletea tangawizi."

"Nimwamshe? Kidole chake kizima, kifua tu ndicho kibovu."

"Muache apumzike. Akiamka mwambie nilikuja, na sikuwa na karatasi."

Akapokea, akanishukuru, pazia likarudi. Nikashika njia ya nyumbani polepole, kama mtu aliyedondosha kitu mchangani, ili akiamka aniite nisiwe nimefika mbali.