Kabureta ya Marehemu Baba

Baba aliniachia Landrova aliyoichukua mbovu kwenye shamba la mkonge la Ngombezi, akaifufua kwa mikono yake. Skrubu moja ya kabureta ilipopotea, alichonga nyingine ya shaba kutoka kwenye chakavu cha kiwandani.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi mmoja wa Kilole anisafishie kabureta. Ilirudi inakohoa, inatoa moshi mweusi, petroli inabugia tu. Nikafungua boneti. Kabureta ilikuwa nyingine kabisa, skrubu zote za chuma.

"Hii siyo yangu," nikamwambia fundi.

Akacheka mbele ya wateja wake. "Mama, wewe na kabureta wapi na wapi? Nenda kapike."

Nikaondoka. Baadaye nikaikuta Landrova ya fundi mwenyewe kando ya barabara, boneti juu, anaiongezea maji. Nikachungulia. Ile skrubu ya shaba ilikuwa pale, inang'aa. Nilijua binti yake anaolewa Chanika, kule Handeni, na gari hilo ndilo litakalompeleka. Nikasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kutamu.

Siku ya harusi nilifika Chanika na spana kwenye mkoba. Gari lilikuwa limepambwa maua na riboni. Bibi harusi aliposhuka akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikamwitikia, nikamwacha aingie ndani, ugomvi wangu haukuwa naye. Kisha nikamfuata baba yake, amekaa mkekani na wakwe zake wapya.

"Fundi, kabureta ya marehemu baba yangu iko kwenye gari lako. Ina skrubu ya shaba. Twende tukaione, na wazee hawa wawe mashahidi."

Akanong'ona, "Mama, nakuomba. Kesho nitakuletea nyumbani."

"Leo."

Baba wa bwana harusi akainuka, wengine wakamfuata. Boneti ikafunguliwa, wakaiona. Nikampa fundi spana. Akaifungua mwenyewe, kanzu yake nyeupe ikiloa petroli. Nikaondoka nayo, nikaliacha gari na maua yake limekufa uani kwa wakwe.

Mama yangu aliposikia alisikitika. "Mwanangu, ungemsitiri mwenzio siku ya harusi ya bintiye."

"Yeye aliponicheka alinisitiri?"

Kesho yake niliifunga kabureta mwenyewe, Landrova ikawaka mara moja. Nikaiendesha taratibu hadi Kilole, nikasimama mbele ya gereji yake, nikapiga honi mpaka akatoka nje.